Mbwa wa Izidori

Asteria alipiga hodi mara moja, akaingia. Alikuwa amezoea. Nyumba yake na ya Oliva zilitenganishwa na migomba michache tu, na msimu wa kahawa ukifika wanawake wale wawili waliingiliana kutwa nzima, huyu akiazima ndoo, yule akirudisha turubai. Asubuhi ile alifuata chekeche. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mikahawa, na kwa sababu ya baridi alikuwa amejitanda kitenge kuanzia kichwani hadi mabegani. Huenda kitenge ndicho kilichomponza. Sajini, mbwa wa nyumba hiyo, hakumtambua.

Mbwa hakubweka. Alichomoka chini ya kichanja cha kukaushia kahawa, akaja mbio kimya kimya, akaruka. Asteria aliwahi kuinua mkono kukinga uso, na meno yakazama kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko. Akaanguka chali. Mbwa akasimama juu yake, akaanza kutikisa kichwa kushoto na kulia kama anayeua panya, na kila alipotikisa, nyama iliachia.

Oliva alitoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi. Alipiga kelele kwa Kinyasa, lugha ya kwao Liuli, kando ya ziwa, lugha ambayo mbwa yule aliisikia kwake tu. Sajini hakusikia. Oliva akampanda mgongoni kama anayepanda punda, akapitisha mpini wa mwiko nyuma ya meno, akausokota kwa nguvu zake zote huku akiendelea kumsemesha sikioni. Taya zikafunguka. Akamburuta kwa shingo mpaka kwenye banda la zamani la nguruwe, akapigilia komeo.

Aliporudi, Asteria alikuwa ameketi, anautazama mkono wake. Hakuwa analia. Alisema, "Oliva, naona mfupa."

Oliva alimfunga mkono kwa kitenge kilekile. Kilian, mume wa Asteria, alikuwa shambani kwenye mteremko wa pili. Alipofika mbio, pikipiki ilikuwa tayari imewachukua wanawake wote wawili, Asteria katikati, Oliva nyuma akimkumbatia asianguke, damu ikiwachuruzikia miguuni njia nzima ya kwenda Mbinga mjini.

Izidori, mume wa Oliva na mwenye mbwa, aliporudi alikuta uani kwake doa kubwa jeusi na kuku wanalidonoa. Jirani mmoja alimweleza yaliyotokea. Izidori aliuliza swali moja tu: "Aliingia bila kukaribishwa?"

*

Mbwa huyo alikuja kijijini Maguu akiwa mdogo kiasi cha kutosha ndani ya kofia. Mwaka huo wezi walikuwa wamekomba kahawa ya Izidori juu ya vichanja, kahawa iliyokwisha kuoshwa na kukauka, imebaki kupelekwa chama cha ushirika. Izidori aliapa kwamba haitatokea tena. Akashuka Liuli, ukweni kwake, kwa shemeji yake Dunstan, mvuvi wa dagaa. Jike la Dunstan lilikuwa limezaa chini ya mtumbwi uliopasuka. Izidori alichagua mtoto aliyekuwa ananguruma wakati wenzake wananyonya.

Alimfundisha kwa njia yake. Alimfungia kwenye banda la nguruwe, gizani, akampa nyama mbichi iliyopakwa pilipili. Alimchokoa kwa fimbo kupitia nafasi za mbao mpaka mbwa akajifunza kuuma fimbo, kisha akavaa nguo za watu wengine, koti la huyu, kanzu kuukuu ya yule, akaingia na kumpiga, ili mbwa ajue kwamba kila anayekuja na harufu ngeni ni adui. Alimwita Sajini. Watu walipopita njiani na kusikia kilio kinatoka bandani, walisema Izidori anafundisha mbwa.

Kilio kingine pia walikisikia. Nyuma ya mlango wa nyumba ile ilikaa fimbo ya mpera, imelainika kwa kushikwa. Fimbo hiyohiyo ilimpiga mbwa na ilimpiga Oliva. Chumvi ikizidi, ilitoka. Oliva akichelewa kisimani, ilitoka. Mwaka ambao bei ya kahawa ilianguka ilitoka mara nyingi, ingawa si Oliva aliyeishusha. Binti yao Otilia aliolewa Songea mapema mno, na wote waliojua walijua alikuwa anakimbia nini.

Izidori akishaondoka, Oliva alimpelekea Sajini ugali na vichwa vya dagaa. Alikaa nje ya banda, akazungumza naye Kinyasa, kwa kuwa Maguu hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye lugha hiyo. Alimweleza habari za kwao, za mawimbi yanayopiga mpaka chini ya minazi ya misheni, za marehemu mama yake. Mbwa alisikiliza. Kwa hiyo alipokua na kuachiwa uani, alikuwa na watu wawili tu duniani: mmoja aliyemtii kwa kumpenda, na mmoja ambaye akisikia buti zake alilala chini na kujikojolea.

Asteria alimvumilia tu kwa kuzoea kumwona; wengine wote aliwauma. Alimuuma paja mnunuzi mmoja wa kahawa. Alimuuma katekista makalioni, na kijiji kizima kikacheka kwa wiki. Kilabuni Izidori alisimulia kwa majigambo, akisimama na kuigiza jinsi katekista alivyoruka ua huku Biblia kaishikilia kichwani. Walionunuliwa pombe walicheka zaidi.

Safari hii hakuna aliyecheka.

*

Kikao kilifanyika kwenye ofisi ya kijiji. Kilian alikuja na panga. Mtendaji wa kijiji, Hamphrey, alimwomba aliache nje, akaliacha, lakini akakaa mahali ambapo angeliona kupitia mlangoni. Asteria alikuwa bado wodini. Madaktari walikuwa wameushona mkono, ila vidole viwili havikusikia tena sindano.

"Sina maneno mengi," Kilian alisema. "Nataka mbwa yule afe leo. Mbele yangu."

"Mbwa wangu amefanya kazi yake," Izidori alijibu. Alikuwa amekaa miguu mbele, buti zina matope. "Mimi simfugi wa kupakata. Mtu anaingia uani kwangu alfajiri, amejifunika uso kama mwizi, unataka mbwa amwamkie?"

"Mke wangu mwizi?"

"Nimesema kama."

Kilian alisimama. Wanaume wawili wakamshika mabega, wakamkalisha.

Tunu, afisa mifugo wa kata, binti wa watu wa mjini aliyekuwa hata hajamaliza mwaka kazini, aliomba nafasi. Aliamkia wazee kwanza. "Shikamooni. Mimi naomba asiuawe leo," akasema, na watu wakaguna. "Nisikilizeni kwanza. Huyu mbwa hana chanjo. Kama ana kichaa, atakionyesha mwenyewe ndani ya siku kumi. Afungwe mnyororo, nimtazame. Akiwa mzima mpaka mwisho, tutajua mama Asteria yuko salama. Mkimuua leo, hatujui kitu. Baada ya hapo fanyeni mtakavyoona."

"Baada ya hapo atakuwa amemla nani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Hamphrey alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe bila kelele. Alimgeukia Oliva, aliyekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, karibu na ukuta. "Mama, wewe ndiye unayemlisha. Ndiye uliyemtoa Asteria mdomoni mwake. Wewe unasemaje? Ataacha?"

Izidori hakugeuza kichwa. Alimtazama mkewe kwa pembe ya jicho tu. Oliva aliijua ile pembe. Alijua pia jinsi mfupa wa Asteria ulivyokuwa mweupe.

"Hataacha," alisema. "Amefanywa hivyo. Siku zake zikiisha, auawe."

Kisha mtu mmoja akacheka kidogo puani, si kwa ubaya, bali kwa mshangao wa kusikia mke wa Izidori akimpinga Izidori mbele ya watu. Kicheko hicho kidogo ndicho kilichomwingia Izidori kuliko maneno yote ya Kilian.

Hamphrey alitoa uamuzi. Mbwa afungwe mnyororo. Tunu amtazame. Siku zikitimia, Izidori amuue kwa mkono wake, mbele ya mashahidi. Akionekana ametoka kabla ya hapo, yeyote atakayemkuta ana ruhusa ya kumuua.

Njiani kurudi nyumbani Izidori alitangulia. Oliva alimfuata nyuma akiyatazama mabega yake. Alingoja usiku ule, na usiku uliofuata. Hakuguswa. Hilo lilimtisha zaidi.

*

Walimfunga Sajini kwenye nguzo ya kichanja kikubwa, kwa mnyororo wa kufungia ng'ombe. Tunu alikuja kila asubuhi kwa pikipiki, akasimama mbali, akamtazama mbwa akinywa maji. "Anakunywa vizuri, mama," angesema. "Hatoi mapovu. Hana shida." Na Oliva angeitikia, "Haya, mwanangu," huku anajiuliza ni nani katika ua ule asiye na shida.

Kilabuni walikuwa na mzaha mpya. Izidori akiingia, mtu angeuliza, "Eti, hakimu wa nyumbani kwako ameshampangia Sajini siku?" Au, "Na wewe siku zako amezisema?" Izidori alicheka nao. Alikunywa pombe yake ya komoni akiwa amekaa mlangoni, na aliondoka mapema kuliko kawaida yake.

Mchana mmoja, jua likiwa limekwisha kuufukuza ukungu, alirudi. Oliva alikuwa anageuza kahawa kwenye kichanja, anachagua punje mbovu. Alisikia buti. Alimsikia Sajini akilala chini, mnyororo ukigonga nguzo. Aligeuka, akaona kwamba safari hii mumewe hakushika fimbo ya mpera. Alishika mpini wa jembe.

"Nani mwenye mbwa?" Izidori aliuliza kwa sauti ya kawaida.

"Ni wewe, baba Otilia."

"Nani mwenye nyumba?"

"Ni wewe."

"Basi ulisema nini pale ofisini?"

Hakusubiri jibu. Pigo la kwanza lilimpata Oliva begani, akasikia kitu kikivunjika ndani kama kijiti kikavu. Alishika kichanja asianguke. Pigo la pili lilimpata mgongoni, la tatu kwenye nyonga, naye akaenda chini. Alijikunja, akaweka mikono kichwani kama alivyojifunza miaka mingi. Izidori alipiga bila haraka, akivuta pumzi kati ya pigo na pigo, kama mtu anayepasua kuni za msimu mzima. Mpini ukampata Oliva juu ya jicho, na dunia ikawa nyekundu upande mmoja.

Alipiga kelele. Kwa miaka mingi alikuwa amejizuia, kwa aibu ya majirani. Siku hiyo alipiga kelele kwa Kinyasa, akimwita mama yake.

Sajini akasimama.

Alivuta mnyororo mara moja, ukamkaba, akarudi nyuma na kuvuta tena kwa mwili wote. Nguzo ilikuwa ya mti laini uliokwisha kuliwa na mchwa chini. Ilikatika. Kichanja kizima kikalalia upande, kahawa ikamwagika uani kwa sauti kama ya mvua ya mawe. Izidori aligeuka kutazama kahawa yake inamwagika, na mbwa akamkuta amegeuka.

Alimuuma kwanza mkono wenye mpini. Mpini ukaanguka. Izidori alimpiga ngumi ya kichwa kwa mkono mwingine, akamfokea kwa sauti ileile iliyokuwa ikimfanya ajikojolee, na kwa nukta moja mbwa alisita, masikio yakalala. Kisha akarudi. Alikamata vidole, akavitafuna. Izidori alijaribu kukimbilia nyumbani akateleza kwenye kahawa, punje zikamzungukia chini ya buti, akaanguka kifudifudi. Mbwa akapanda paja, akararua suruali na kilichokuwa ndani ya suruali. Izidori alipogeuka kujikinga, mbwa alimuuma shavu, akalivuta mpaka likaachia kwenye mfupa.

"Oliva!" Izidori alilia. "Oliva, mwite! Mwite!"

Oliva alikuwa amejiinua, ameketi. Mkono mmoja haukunyanyuka. Kwa mwingine alifuta damu jichoni ili aone vizuri. Neno la kumwita mbwa lilikuwa fupi, na lilikuwa tayari mdomoni. Alilikalia kimya.

Aliona mkono wa Izidori, ule wa kulia, ukiingia na kutoka kwenye meno. Aliutazama. Hakusikia furaha, wala huruma. Alisikia pumzi yake mwenyewe tu, na maumivu ya bega, na jambo moja geni: kwamba katika ua ule kulikuwa na mtu anayepigwa na mtu huyo hakuwa yeye.

"Mke wangu," Izidori alisema. Sauti ilikuwa imejaa maji.

Sajini aliuacha mkono. Akasogea mbele, akitafuta shingo.

Hapo Oliva alimwita.

Mbwa aliacha. Alibaki amesimama juu ya Izidori kwa muda, mdomo wazi, kisha akamjia Oliva akiburuta mnyororo na kipande cha nguzo. Akaketi ubavuni mwake. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Akamlamba mkono.

*

Kilian alifika wa kwanza. Alikuwa anapasua kuni, na alikuja na shoka. Nyuma yake walikuja wanaume wengine watatu wenye mapanga na mawe, na wote walisimama ghafla kwenye migomba, kwa sababu Sajini alikuwa amesimama tena, nywele za mgongo juu, anawangurumia.

"Shemeji," Kilian alisema taratibu. "Sogea kando. Jivute tu, taratibu."

Oliva hakusogea. Kutoka njia ya juu zilisikika sauti za watoto wa shule wanarudi kula, wanaimba na kusukumana. Mbwa alizisikia pia. Masikio yakageukia huko.

Oliva alielewa mambo mawili kwa pamoja. Akimfungulia mnyororo na kumwambia aende, mbwa angetii na angepenya kwenye mikahawa kabla ya mtu kurusha jiwe. Na njia ya kupenyea ilipita pale pale kwa watoto. Aliwaza mkono wa Asteria. Aliwaza vidole vile viwili.

Aliushika mnyororo karibu kabisa na shingo, akauzungusha kwenye kiganja cha mkono mzima. Akamvuta mbwa kifuani kwake, akamwambia kwa Kinyasa akae. Sajini akakaa.

"Kilian," alisema. "Njoo umpige. Mimi nitamshika."

"Atakuuma."

"Hataniuma. Njoo."

Kilian alikuwa ameiomba siku hii mbele ya kijiji kizima. Sasa alikuja hatua kwa hatua kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Sajini alinguruma. Oliva aliweka paji la uso wake juu ya kichwa cha mbwa, akaendelea kumsemesha, maneno yaleyale ya zamani, habari za Liuli, za mtumbwi uliopasuka na mama yake mbwa chini yake. Ngurumo ikapungua.

"Toa kichwa chako," Kilian alinong'ona. Midomo yake ilikuwa mikavu.

Oliva aliinua kichwa. Kilian akapiga kwa kisogo cha shoka.

Pigo lilikwenda pembeni, likavunja bega la mbwa. Sajini alipiga yowe ambalo watoto wa shule walilisikia wakanyamaza, akajipinda, akaukamata mkono wa Oliva, ule uliomshika. Meno yaligusa ngozi. Yakaujua. Mbwa akabaki ameushika mkono ule mdomoni bila kuufunga, macho yamemtazama usoni, akilia puani.

"Piga!" Oliva alisema. "Kilian, piga!"

Pigo la pili lilifika.

Ilimchukua muda Oliva kufungua kiganja, maana mnyororo ulikuwa umezama kwenye nyama. Kilian alitupa shoka, akaenda kwenye migomba, akatapika. Wanaume wengine, ambao hawakuwa wamefanya kitu, sasa walipata ujasiri. Mmoja akauinulia panga mzoga. Kilian aligeuka akafuta mdomo. "Ukimgusa," alisema, "nitakupiga wewe."

Wakamgeukia Izidori. Alikuwa hai. Walimfunga kwa mashuka, wakaita gari.

Asteria alikuja mwisho. Alikuwa ameruhusiwa kutoka wodini jana yake, mkono umening'inia shingoni kwa kitambaa. Alimtazama mbwa, kwanza kwa mbali, halafu akasogea. Akamtazama Oliva: jicho lililofunga, bega lililoshuka, mpini wa jembe uliolala kwenye kahawa. Hakuuliza nani alianza. Alikaa chini karibu naye, kwenye damu, kwa shida, kwa sababu ya mkono.

"Mmekuja mbio," Oliva alisema.

"Tulisikia makelele."

"Leo mmesikia."

Asteria aliitazama migomba iliyotenganisha nyumba zao. Kutoka pale walipoketi ungeweza kuhesabu matofali ya nyumba yake. "Siku zote tulikuwa tunasikia," akasema hatimaye. "Kilian angeamka akaketi kitandani. Mimi ningemwambia lala, ni mambo ya mtu na mkewe." Akafuta pua kwa mkono mzima. "Ni mimi niliyekuwa namwambia alale."

Walipokuja kumwinua Oliva kumpeleka garini, aliegemea bega la Asteria, na Asteria akaingia naye.

*

Tunu alikasirika kwa sababu siku zilikuwa hazijatimia, na sasa kilichobaki cha kupima ni kichwa cha mbwa. Alikikata mwenyewe uani, amevaa glavu ndefu, anauma meno. Akakifunga kwenye mifuko miwili na barafu, kikasafirishwa. Wote waliokuwa wameumwa walichomwa sindano, na Oliva pia, kwa ule mchubuko mdogo wa meno kwenye mkono, huku wakisubiri majibu.

Majibu yalikuja. Sajini hakuwa na kichaa. Alikuwa mzima.

Oliva alifungwa bega. Walimweka wodi ya wanawake, na alipoweza kutembea alikwenda upande wa wanaume. Izidori alikuwa amelala karibu na dirisha. Shavu limeshonwa kama gunia, na mkono wa kulia uliishia kwenye bandeji mahali ambapo vidole vilipaswa kuanza. Walibaki wakitazamana. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijigeuza ukutani, akajifanya amelala.

"Ulichelewa kumwita," Izidori alisema. Maneno yalitokea pembe moja ya mdomo.

"Sikuchelewa," Oliva alisema. "Nilisubiri."

Izidori alifumba macho. Alipofumbua, Oliva alikuwa bado amesimama palepale. Izidori alitafuta usoni mwake kitu alichokuwa amezoea kukiona kila anapomtazama, na hakukiona.

"Utamwambia nani?" akauliza.

"Yeyote atakayeniuliza. Na nitaanza mwanzo."

Hakukawia kuulizwa. Polisi walikuja kwa ajili ya mbwa, wakakuta habari nyingine. Oliva aliwasimulia yote, na lile la kusubiri pia. Askari wa kike aliyekuwa akiandika alisimamisha kalamu, akamtazama, kisha akaendelea. Asteria na Kilian walitoa ushahidi kuhusu miaka yote waliyosikia kupitia migomba. Hamphrey aliitwa, alikuna kidevu, akasema aliwahi kusikia pia, watu wengi walikuwa wamesikia. Kesi ilisogezwa, ikasogezwa tena. Izidori alipotoka hospitali hakurudi Maguu. Alikwenda kijiji cha Ukata kwa kaka yake, na wanaopita huko wanasema anakaa barazani akijifunza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto, na watoto wanaogopa uso wake.

Dunstan alipanda kutoka Liuli kumchukua dada yake. Alileta dagaa na nauli ya kurudi watu wawili. "Twende nyumbani," alimwambia. "Huku kuna nini?"

"Kuna mikahawa," Oliva alisema. "Ile ya mteremko wa chini nimeipanda yote kwa mkono wangu. Nani ataichuma?"

Dunstan alikaa naye wiki nzima, akasimamisha kichanja upya kwa nguzo za mkaratusi, akamchimbia Sajini shimo la maana, kwa sababu wanaume walikuwa wamemfukia juu juu. Fimbo ya mpera aliikuta nyuma ya mlango akauliza ni ya nini. Oliva aliichukua, akaivunja kwa goti, akaitia jikoni chini ya maharage.

Msimu haukuwa mbaya. Bega la Oliva liliunga kombo kidogo, na vidole viwili vya Asteria havikurudi, kwa hiyo walichuma pamoja, mmoja akivuta tawi chini na mwenzake akichuma. Siku moja wakiwa wamekaa uani wanachagua punje, mbwa wa mtu fulani, mwembamba, rangi ya vumbi, alipenya kwenye migomba na kusimama akiwatazama. Asteria aliinuka haraka hata ungo ukamponyoka. Alikuwa anahema. Oliva naye aliinuka, akaokota jiwe, akasimama mbele ya Asteria.

Mbwa alinusa hewa. Kisha akageuka, akaenda zake kwa njia ya kisimani.

"Ameondoka," Oliva alisema.

"Hakikisha."

Oliva alikwenda mpaka kwenye migomba, akachungulia, jiwe bado mkononi. Aliporudi, Asteria alikuwa amepiga magoti, anaziokota punje moja moja kwa mkono mzima, na Oliva akapiga magoti kumsaidia.